Shajara ya neno moja: liking ya John Barbour, kutoka Kiskoti cha kale hadi utenzi

18 Januari: jiwe la uani

Ukitoka barabara ya Lawnmarket hapa Edinburgh na kupita uchochoro wa Lady Stair's Close, unafika kwenye ua mdogo uitwao Makars' Court. Mawe ya sakafu yake yamechongwa maneno ya waandishi wa Uskoti. Makar kwa Kiskoti ni mshairi, yaani mtu anayeunda, na nalipenda neno hilo kwa sababu sisi nasi mshairi tunamwita mtunzi, anayetunga maneno kama atungaye shanga. Leo nimetoka zamu ya usiku, mvua imekatika, nikakata njia kupitia uani niwahi basi. Nikajikuta nimesimama juu ya jiwe la John Barbour: Fredome is a noble thing.

Uhuru ni kitu adhimu. Mimi ni mtoto wa Tanga, siwezi kulikanyaga neno hilo nikaenda zangu. Basi langu nimeliacha likaenda.

Barbour alikuwa shemasi mkuu wa Aberdeen. Utungo wake mrefu juu ya Mfalme Robert Bruce na vita vya kuikomboa Uskoti kutoka kwa Waingereza una mistari zaidi ya 13,000, na mwenyewe anautaja ndani yake mwaka aliokuwa akiuandika, 1375. Vita vya Bannockburn, ambavyo Bruce aliwashinda Waingereza, vilikuwa vimepita miaka 61. Jiwe la uani limebeba mstari mmoja tu. Nilipofika nyumbani nilitafuta unaofuata, na huo ndio ulioniamsha usingizini:

A! Fredome is a noble thing
Fredome mays man to haiff liking
Fredome all solace to man giffis,
He levys at es that frely levys.
A noble hart may haiff nane es
Na ellys nocht that may him ples
Gyff fredome failyhe, for fre liking
Is yharnyt our all other thing.

Hesabu mstari wa pili kwa vidole: Fre-dome-mays-man-to-haiff-li-king. Silabi 8. Hizo ni mizani za kipande cha utenzi, na baadhi ya tenzi zetu za kale nazo ni za vita. Nimeamua kuitafsiri mistari hii 8, ambayo ni ya 225 hadi 232 ya kitabu cha kwanza cha utungo, iwe beti mbili za utenzi. Naandika shajara hii ili mwingine mwenye shairi la kale la lugha nyingine aone njia niliyopita na mashimo yaliyomo. Gharama hadi leo: hakuna.

2 Februari: rasimu ya kwanza, na kilichoiharibu

Nilianza kwa nathari, kabla ya vina, nipate maana kwanza. Mstari wa pili niliuandika hivi: Uhuru humpa mtu upendeleo.

Nikamtumia mjomba wangu aliyeko Pangani, ambaye ametunga mashairi tangu ujana wake na hana haraka na mtu. Akanijibu kwa sauti: "Marahaba mwanangu. Lakini nieleze, watu hao waliingia vitani kutafuta upendeleo?"

Alikuwa amelishika kosa lilipo. Nililisoma liking kwa Kiingereza ninachokisikia kazini, ambamo limebaki na maana ya kupendelea kitu kidogo tu, kama mtu anavyopendelea chai kuliko kahawa. Kutoka hapo nikateleza hadi upendeleo, neno ambalo kwetu lina harufu ya kubebana maofisini. Kumbe uhuru nilioutafsiri umegeuka kinyume chake.

Anayejifunza kutokana na shajara hii namwomba asiamini neno la kale linalofanana na neno la leo. Ndilo hatari kuliko neno asilolijua kabisa, kwa sababu lile asilolijua atalitafuta.

Dawa yake nimeipata bure kwenye intaneti. Lugha ya Kiskoti ina kamusi kubwa mbili za kihistoria. Ya lugha ya kale, hadi mwaka 1700, ilianzishwa na William Craigie na ilichapishwa kuanzia 1931 hadi 2002, juzuu 12. Ya lugha ya baadaye ina juzuu 10 na ilikamilika 1976. Tangu 2004 zote mbili zinasomwa pamoja mtandaoni bila malipo. Nilitumia jioni tatu. Liking kwa Barbour ni furaha: starehe ya moyo, raha inayomjaa mtu. Rasimu ya kwanza nimeifuta.

Lakini lipo shimo la pili chini ya lile la kwanza. Tazama mstari wa saba: fre liking. Ukitia raha hapo, "raha huru hutamaniwa kuliko vyote", sentensi inalegea. Hapa liking ni utashi, uwezo wa mtu kutenda apendavyo. Neno moja, mistari mitano mbali, maana mbili. Barbour hakupungukiwa maneno. Ukitazama vina, mara ya kwanza thing inatangulia na liking inafuata. Mara ya pili liking inatangulia na thing inafuata. Amelirudisha neno kwa makusudi, akaligeuza uso. Mfasiri akitumia maneno mawili tofauti ameivunja hoja yake, kwamba raha ya mtu na hiari ya mtu ni kitu kimoja.

Nililala nikiwa na furaha kubwa, na bila tafsiri.

23 Februari: tiketi ya Cambridge

Hapa nimepoteza fedha, kwa hiyo naeleza taratibu.

Hati ya mkono ya Barbour mwenyewe haipo. Zimebaki nakala mbili za mkono zilizoandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kutunga: moja ya mwaka 1487 iliyoko St John's College, Cambridge, na moja ya mwaka 1489, iliyonakiliwa na John Ramsay, iliyoko Maktaba ya Taifa ya Uskoti hapahapa Edinburgh. Nikawaza: neno langu lisije likawa kosa la mnakili. Nilinganishe nakala mbili, nione kama zote zina liking pale pale. Nikanunua tiketi ya treni ya kwenda Cambridge, ya bei nafuu isiyorudishwa, pauni 58, kisha ndipo nikaketi kusoma utangulizi wa toleo la Walter Skeat, aliyeuhariri utungo huo, nikiwa na penseli.

Nakala ya Cambridge imepoteza mwanzo wake. Inaanza ndani ya kitabu cha nne. Mistari ya uhuru imo katika kitabu cha kwanza, kwa hiyo humo haimo. Katika hati za mkono imebaki kwa mkono wa Ramsay peke yake. Lau nakala ile ya 1489 ingeliwa na panya au kuungua, tusingekuwa na hati hata moja ya kale yenye maneno hayo, na jiwe la uani lingetegemea vitabu vilivyochapwa tu, ambavyo vya kwanza ni vya karne ya 16.

Tiketi imekwenda. Utaratibu sahihi ni huu: soma utangulizi wa toleo la kitaalamu kabla ya kufunga safari yoyote, kwa kuwa mhariri ameshazieleza hati kurasa kwa kurasa. Kitabu chenyewe nilikinunua cha mtumba, pauni 14. Jumla hadi leo: pauni 72.

13 Machi: mwili ndani ya neno

Barbour alifariki tarehe kama ya leo, mwaka 1395. Nimeitumia siku yangu ya mapumziko kulifuata neno lake nyuma, na nikipewa nafasi ya kusimulia siku moja tu ya mradi huu, nitasimulia hii.

Chanzo cha liking ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, lician, ambacho ndicho mzazi wa Kiskoti pia. Barbour mwenyewe lugha yake aliiita Inglis. Lician maana yake si kupenda, ni kupendeza. Mtenda alikuwa kitu, na mtu alikuwa mtendwa. Hawakusema "naupenda wimbo", walisema "wimbo wanipendeza". Baadaye, karne kwa karne, sentensi ikapinduliwa na mtu akakaa mbele, ingawa hata Shakespeare, miaka ya 1600, bado anamweka mfalme kinywani maneno it likes us well, yaani limetupendeza.

Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo. Sisi tunazo sentensi zote mbili zikiwa hai, za mzizi mmoja: nakipenda, chanipendeza. Waliopoteza ni wao. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka meza.

Ukishuka chini zaidi unakuta lic, mwili. Kitu kinachopendeza ni kile chenye umbo linalokufaa. Ndiyo maana like ya Kiingereza ni "kupenda" na pia ni "mfano wa": kuwa na umbo moja na kitu. Mjerumani bado anaiita maiti Leiche, na Mholanzi lijk. Na Waskoti wakaita lykewake ule mkesha wa kukaa na maiti usiku kucha kabla ya mazishi. Katika nyumba moja ya maneno wamo raha na matanga. Nafanya kazi na wazee, nimekesha na wanaoaga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na neno hili limenigusa mahali ambapo sikutegemea kuguswa na kamusi.

Kisha nikarudi kwenye mistari. Frely, "kwa uhuru", ina kiambishi -ly mwishoni, ambacho nacho ni lic ileile iliyosagika. Kwa hiyo liking na frely ni ndugu, na Barbour amewaweka mstari mmoja mmoja katika ubeti uleule. Sidai kwamba alijua. Lakini undugu huo upo pale, ukiutafuta utauona.

Na fre yenyewe? Mzizi wake wa mbali ni "mpendwa", uleule uliozaa friend, rafiki. Huru alikuwa yule mpendwa wa nyumbani, si mtumwa. Katika Kiskoti cha kale fre ilikuwa pia na maana ya mtu mwenye heshima na ukarimu. Hapo nikapata tafsiri ya noble hart bila kuitafuta: moyo muungwana. Muungwana wa pwani kabla hajawa mtu mwenye adabu alikuwa mtu asiye mtumwa, na adabu ikafuata baadaye.

6 Aprili: rasimu ya pili, ya vina

Jioni nne, karatasi nyingi. Bahari, yaani kina kinachofunga kila ubeti, ni -ri. Hii ndiyo niliyompelekea mjomba:

Uhuru jambo la staha,
mja humtia raha,
faraja yote na siha,
aishiye kwa hiari.

Moyo ulo muungwana
raha hauwezi ona
kama uhuru hauna,
kwani hupendwa hiari.

Mizani zimetimia kila kipande. Mjomba alisikiliza mara mbili kisha akaniambia makosa mawili. La kwanza: "Hiari umeirudia kwenye kituo, ubeti wa kwanza na wa pili. Msikilizaji atadhani umeishiwa." La pili: "Hiyo siha umeitoa wapi? Mzee wako hakusema afya. Umeileta kwa njaa ya kina."

Kweli niliileta kwa njaa ya kina. La kwanza nimelitibu siku ileile: mstari wa nne wa ubeti wa kwanza sasa ni "aishiye huru, shwari". Shwari ni neno la mabaharia, bahari ilipolala, na linaibeba at es ya Barbour, yaani kwa utulivu, vizuri kuliko hiari ilivyoibeba. La pili nimeliacha likiuma.

12 Aprili: siha

Nimeikuta siha. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Ayubu 39:4, inasema juu ya watoto wa paa kwamba their young ones are in good liking. Wamenawiri, wana miili mizuri. Neno lile la raha lilitumika pia kwa afya ya mwili unaong'aa, na ukikumbuka kwamba chini yake kuna lic, mwili, unaona limerudi tu nyumbani kwake.

Nilimpigia mjomba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kina kilikuwa kinajua."

Hata hivyo hakunipa ruhusa ya kuiacha. Kwa Barbour hapo ni furaha ya moyo, na afya ni tawi jingine la mti. Nakubaliana naye. Ninayeandika shajara nataka nikumbukwe kwa tahadhari hiyo: kugundua kwamba neno liliwahi kuwa na maana fulani si kibali cha kulitumia kwa maana hiyo kila lilipo.

4 Mei: maneno yaliyoazimwa

Kilichokuwa kikinisumbua wiki zote hizi nimekipata nikisoma mwanzo wa utungo, ambao niliuruka kwa pupa ya kuufikia uhuru. Barbour anafungua kwa kusema hadithi ni delitabill kusomwa, na za kweli zina doubill plesance, furaha maradufu. Maneno yote mawili ni ya Kifaransa. Delit ilitoka Kilatini ikapitia Ufaransa, na ndiyo delight ya Kiingereza cha leo. Herufi gh walizichomeka karne ya 16 kwa kuifananisha na light, ingawa hazina uhusiano. Kwa hiyo alikuwa na maneno ya kigeni ya furaha mkononi, mazuri, ya ikulu, na alijua kuyatumia. Mistari michache mbele anasema mambo ya kweli ni likand, yanapendeza. Hapo -and ni sifa, na -ing ni jina: Kiskoti cha kale kilizitenga mbili hizo pale ambapo Kiingereza kilizichanganya. Alipofika kwenye uhuru, mahali pa liking, aliyaacha hayo mawili ya Kifaransa, akaliita la nyumbani.

Nikaitazama rasimu yangu. Uhuru, staha, raha, faraja, siha, hiari: yote yana asili ya Kiarabu. Si aibu, ndiyo lugha yetu ilivyo, na sitaki kumnyang'anya mtu raha. Lakini mahali pa liking, pale ambapo yeye aligeuka nyumbani, mimi nimebaki ugenini.

Nikaurudia mzizi wetu, penda. Pendezo ni dogo. Upendezi unaishia kwenye sura. Nikiwa naosha vyombo, redioni ibada ya Jumapili kutoka nyumbani, kasisi akaanza Baba Yetu: mapenzi yako yatimizwe.

Mapenzi. Kwa vijana ni mahaba. Katika sala ni utashi, atakavyo Mungu. Neno moja, raha ya moyo na hiari ya moyo. Liking ya Barbour, pande zote mbili, ilikuwa kinywani mwangu tangu utotoni na nilikuwa nikiitafuta kwenye kamusi za Edinburgh.

18 Mei: rasimu ya tatu, inayobaki

Nimevunja ubeti wa kwanza wote kwa ajili yake, kwa kuwa mapenzi yanadai kina cha -nzi. Majonzi yalikuja yenyewe kujaza nafasi ya solace, na maana haikupotea: kumfariji mtu ni kumwondolea majonzi.

Uhuru kitu cha enzi,
humpa mja mapenzi,
humwondolea majonzi,
aishiye huru, shwari.

Moyo ulo muungwana
raha hauwezi ona
kama uhuru hauna,
mapenzi yenye hiari.

Fre liking ni mapenzi yenye hiari. Neno limerudi mara mbili kama lilivyorudi kwake. Kilichopotea ni our all other thing, "kuliko kitu kingine chochote". Vipande vinane havikutosha, na nimekiacha kikiwa wazi hapa badala ya kukificha.

Niliujaribu kwa kuwasomea watu. Wenzangu wanne wa rika langu hapa Edinburgh walisikia wimbo wa taarabu: uhuru unampa mtu mpenzi. Mama mmoja wa Mombasa, wa umri wa mama yangu, alisikia palepale: "Kuishi kwa mapenzi yako, si kwa ya bwana wako." Nilifikiria kurudi kwenye raha, na kwa siku tatu nilirudi. Kisha nikayarejesha mapenzi. Sikio la yule mama ndilo ninalolitungia, na raha iliyomo katika ubeti wa pili inamwongoza aliyepotea. Mjomba ameusikia wote. Alisema "enzi" imekaa, akanitaka niuimbe badala ya kuusoma, nikauimba kwenye simu nikiwa kituo cha basi.

Gharama zote: tiketi iliyopotea pauni 58, kitabu cha mtumba pauni 14, uchapishaji wa kurasa za hati na kamusi pauni 6. Jumla pauni 78, na miezi minne ya jioni za mapumziko. Anayefuata njia hii bila ile tiketi atatumia pauni 20.

Mistari inayofuata, 233 hadi 240, ni ya thyrldome, utumwa: kwamba aliyeishi huru siku zote hawezi kuujua uchungu wake mpaka auonje. Nimeanza na neno assayit, "ameuonja", na mjomba ameshaniuliza kwa nini nisiseme "ameulamba".